Hakumwacha, Alichelewa Tu

Ifakara, 9 Agosti 1997

Mwanangu Mwalimu Agnella,

Marahaba kabla hujaniamkia. Habari za afya na za kilimo tuziache kwanza, leo nina jambo.

Sinema ya Bati imetoka upya! Usicheke. Faustino, anayeniletea kanda kutoka Dar es Salaam, ameshuka na treni juzi. Kanifungulia mkanda mpya uliokuwa bado kwenye nailoni yake, nikamwona Bati yule yule juu ya boksi, yule mtu wa chuma, na kifua chake kama debe la mafuta ya taa. Wazungu walioitengeneza zamani hizo wamerudi wakaifanyia ukarabati. Nyota zimeongezwa. Ule mchanga ambao hapa kwenye banda letu la video tulikuwa tunauona kama uji wa ulezi sasa ni mwekundu kweli. Na mwisho wameubadilisha. Si unakumbuka Bati anabaki nje kushikilia mlango, dhoruba inavuma, chombo cha angani kinapaa na Nahodha anakwenda zake, halafu lile jicho lake linazimika polepole mchangani? Sasa Nahodha anageuza chombo. Anarudi kumchukua! Wameongeza kipande kizima.

Nzuri, mwanangu, nzuri hata inauma, kwa sababu kaka yangu hayumo. Wanaongea Kiingereza chao mwanzo mpaka mwisho. Na hapa Ifakara sinema ya Bati ni sauti ya baba yako Raimundi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu magunia tu, ile hadithi yote aliitunga mwenyewe, kasimama pembeni ya televisheni na maiki mkononi, na hata jina la Bati alimpa yeye. Hao wa Ulaya sijui walimwita nani.

Basi nimepata wazo. Ule mkanda wetu wa zamani, ambao aliutia sauti yake mwaka 1987 banda likiwa limejaa watu, nitaichukua sauti humo niiweke juu ya picha hii mpya. Septemba anatimiza miaka mitatu tangu atutoke. Baada ya misa ya kumbukumbu watu watakuja bandani wamwone Bati mpya na kumsikia Raimundi wa zamani. Na nitaisafisha. Mkanda ule umejaa makelele: vikohozi, jogoo wa mama Bernadetha, watu wanaosogezana kwenye mabenchi, mtoto analia. Yote nitayatoa. Kaka atasikika peke yake, safi, kama mtangazaji wa redio.

Unasemaje? Na mama yako, shemeji Yosefina, mwambie asije mikono mitupu. Mnakaa katikati ya miwa halafu mimi nakunywa chai ya chumvi?

Ni mimi baba yako mdogo,
Hermenegildi


Kidatu, 21 Agosti 1997

Baba mdogo,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini mama anasoma begani kwangu na hataki kuona barua isiyo na shikamoo.

Mama amefurahi mpaka akaimba. Amesema sukari italetwa, ila chumvi ulijitakia mwenyewe. Tutakuja wote, na safari hii hatuji peke yetu. Joachim, yule fundi wa hapa kwenye bwawa la umeme niliyekueleza wakati wa Pasaka, atakuja na wazazi wake. Wanataka waone tunakotoka kabla ya kuleta posa. Kwa hiyo tafadhali, mabenchi yafutwe.

Nina ombi, na usinicheke. Ukiwa unasafisha sauti ya baba, kile kipande cha mwisho, Bati anapoachwa, toa pale baba anaponitaja jina. Unapajua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikalia kwa sauti, naye akaacha kusimulia akaniambia kwenye maiki nisilie. Banda zima lilicheka. Tangu siku ile mimi ni Usilie. Nilikuwa Usilie shule ya msingi, Usilie kisimani, hata kwenye kwaya. Nimesoma, nimekuwa mwalimu, nimehamia Kidatu, na bado Fulgensi, konda wa basi la Ifakara, akiniona na wanafunzi wangu hutoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Usilie mwanangu!" Watoto wanauliza, mwalimu, anakwambia wewe? Kila mlipouonyesha mkanda ule nilikuwa natoka nje kabla hapajafika.

Wazazi wa Joachim ni watu wa heshima. Sitaki wanifahamu kwa kilio. Naona aibu, baba mdogo. Toa kipande hicho tu. Mengine yaache, na mkanda wenyewe wa zamani uutunze kabatini kama ulivyo.

Mwanao,
Agnella


Ifakara, 14 Septemba 1997

Mwalimu wangu,

Ombi lako limefika na limetendwa. Ilikuwa kazi kweli kweli. Sikiliza nilivyofanya, uone kama baba yako mdogo ni wa kuuza mchele tu. Nimeunganisha deki na redio kaseti, nikawa nahamisha sauti ya kaka kidogo kidogo. Mtu akikohoa, nabonyeza kitufe, nasubiri, naachia. Jogoo akiwika, nabonyeza. Kaka mwenyewe ndiye aliyenitesa zaidi, maana hakutulia. Nahodha yuko kwenye hatari ya kufa, yeye anasema, "Karibu mama Paulina, pita mbele, usimkanyage Antoni." Bati anapambana na dude la mchangani, yeye anamwuliza Polikarpo mchele umefikia wapi. Yote nimeyatoa! Na pale pako nimepatoa pia, pamekuwa kimya. Sasa yamebaki maneno ya sinema tu.

Tatizo likawa picha mpya. Ni ndefu kuliko ya zamani, imeongezwa mambo ambayo kaka hakuyaona. Ukiweka sauti yake, Nahodha anafungua mdomo halafu hakuna neno. Na ule mwisho wote wa Nahodha kurudi ndiyo hauna kitu kabisa. Nikafikiri siku nyingi. Kisha nikakumbuka kwamba tangu utoto watu walikuwa wakishindwa kutofautisha sauti yangu na yake, hata mama yetu akituita kutoka shambani alikuwa akikosea. Basi palipokuwa na pengo nimejaza mimi. Nimeiga pumzi yake, nimeiga na ile "sasa basi" yake. Hakuna atakayejua. Wewe mwenyewe hutajua.

Misa ni Jumamosi tarehe 27. Paroko ameshatangaza. Njooni na treni, njia ya basi ina mashimo ya kumwangusha mtu meno.

Baba yako mdogo,
Hermenegildi


Kidatu, 7 Oktoba 1997

Baba mdogo, shikamoo.

Samahani tuliondoka asubuhi bila kukuaga. Nilimwambia Joachim kwamba treni haisubiri mtu. Ukweli ni kwamba sikuwa na uso wa kukutazama, wala sikujua kama aibu ni yangu au ni yako.

Picha ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini kuanzia mwanzo nilihisi kitu kimepungua. Baba alikuwa anaongea mahali pasipo na watu. Hakuna aliyekuwa akimjibu. Baba mkwe wangu mtarajiwa aliniinamia akauliza kwa upole, "Marehemu alikuwa mhubiri?" Na mkewe akasema, "Tumesikia sifa zake kwamba alikuwa anasalimia watu kwa majina katikati ya sinema. Mbona hatukusikia?" Mimi ndiye niliyekuwa nimeona haya kwa ajili yao, kumbe hilo ndilo walilolifuata.

Kisha tukafika pale. Mlango, dhoruba, jicho la Bati. Nilikuwa nimekaa, kwa mara ya kwanza sikutoka. Nikangoja. Palikuwa kimya, kama ulivyoniahidi. Nilingoja jina langu, baba mdogo, na mimi ndiye niliyesema litolewe.

Halafu ukaja ule mwisho mpya. Baba alikuwa anasemaje pale siku zote? Banda zima linajua. Chombo kikipaa alikuwa anasema, "Amemwacha. Msimtafutie sababu. Amemwacha." Basi. Alikuwa anazima maiki, na watu wanakwenda nyumbani wamenyamaza. Juzi Nahodha akarudi, na ile sauti ikasema, "Hakumwacha, jamani. Alichelewa tu."

Mama alinishika mkono. Hakulia pale, alilia kwenye treni. Akasema, "Hayo Raimundi asingeyasema. Aliyechelewa ndiye aliyesema." Sikumwuliza zaidi. Sote tunajua ulikuwa Mlimba na mchele wako baba alipokuwa amelazwa, na kwamba ulipelekewa habari ukaja baada ya mazishi. Hakuna aliyekulaumu mbele ya watu. Lakini kumwekea marehemu mdomoni maneno ya kukusamehe, hapana, baba mdogo.

Sitaki tugombane. Posa imekuja, imepokelewa, na sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani, itakuwa baada ya Pasaka. Unajua kwenye sendofu kuna wakati wa baba kusimama, kumwita binti yake kwa jina na kumkabidhi. Wangu hayupo. Nimefikiri, wakati huo ukifika, tuweke ule mkanda wa zamani, kile kipande tu. Aniite. Wacheke tena wakitaka.

Naomba uniletee mkanda ule, au mpe mtu wa treni unayemwamini.

Mwanao,
Agnella


Ifakara, 2 Novemba 1997

Mwanangu Agnella,

Barua yako nimeisoma. Maneno ya shemeji nimeyameza, kila mtu na machungu yake.

Mvua zimeanza mapema na kwa fujo. Maji yamepita nyuma ya banda, nimeinua mabenchi. Jenereta nayo imegoma, nahangaika na karibureta yake. Kuhusu ule mkanda, usiwe na wasiwasi. Sina hapa kwa sasa. Valentino wa Mchombe, muuza mchele mwenzangu, aliuazima, alitaka kuwaonyesha watu wake wakati wa kusubiri mvua, na barabara ya huko ndiyo hiyo imekatika. Maji yakipungua nitaufuata mwenyewe.

Hongera ya posa. Joachim ni kijana mtulivu, nilimpenda alivyosaidia kubeba televisheni.

Wako,
Hermenegildi


Kidatu, 11 Desemba 1997

Baba mdogo, shikamoo.

Ni mimi mwanao na nakuandikia kwa adabu, lakini vumilia.

Valentino alikuja hapa sokoni juma lililopita kuuza mchele. Nilimkimbilia kwa furaha. Nikamwambia, mjomba, ule mkanda wa baba umekuja nao? Alinishangaa. Akasema, "Mkanda gani, mwanangu? Mimi nyumbani hata redio ni ya betri, hiyo video ningeichomeka wapi, kwenye mgomba?" Watu waliokuwa wananunua walicheka. Mimi nilijifanya nimekosea mtu, na nilivyorudi nyumbani nilimdanganya mama kwamba Valentino hakuja. Ona sasa, uongo wako nami nimeupokea nikaupeleka mbele.

Njia ya mwongo fupi, wewe ndiye uliyenifundisha. Nakuomba mara moja tu. Mkanda uko wapi? Kama umeliwa na deki, sema. Kama umeuuza, sema, nitamfuata aliyenunua. Sikuombi kitu kingine kwenye harusi yangu, si mbuzi wala kitenge. Ni kuitwa jina na baba yangu tu.

Agnella


Ifakara, 28 Desemba 1997

Agnella mwanangu,

Krismasi sikwenda kanisani. Nilikaa na barua yako.

Mkanda upo. Uko hapa mbele yangu ninavyoandika, boksi ni lile lile, hati ya mkono wa baba yako ipo ubavuni. Ila kilichomo ni kile ulichokiona ile Septemba. Mkanda ulioutazama siku ya kumbukumbu ndio huo wa zamani. Nilirekodi juu yake.

Nisome mpaka mwisho ndipo unitukane. Sauti ya kaka ilikuwa tayari kwenye redio kaseti, imesafishwa. Kulibaki kuiunganisha na picha mpya kwenye mkanda mtupu. Mkanda mtupu nilioununua ulikuwa na ukungu, ulipoingia kwenye deki ukatafunwa, ukatoka kama utumbo wa kuku. Maduka yote ya hapa hayakuwa na mwingine. Kesho yake ni misa, paroko ameshatangaza, nyinyi mko kwenye treni mnakuja na wakwe. Nikatazama kabatini. Ule wa zamani ulikuwa mkanda imara, wa Kijapani. Nikajiambia, sauti si ninayo tayari? Kilichobaki humu ni vikohozi na jogoo. Nikajiambia nafuta takataka.

Na sikuteleza. Ningeteleza ingekuwa nafuu. Unajua kanda hizi zina kijino cha plastiki mgongoni, ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Baba yako alikivunja mwenyewe, kwa meno, usiku ule ule wa mwaka 1987, akanirushia mkanda akasema, "Haya, sasa hata mjinga hawezi kuufuta." Mimi nilikata selotepu nikaziba lile tundu. Mashine ikadanganyika, ikakubali. Mikono yangu ilifanya hivyo ikiwa haitetemeki.

Kile kipande chako hakimo hata kwenye redio kaseti, kwa sababu nilikiruka kama ulivyosema. Hakipo popote. Nimetafuta. Nimemwandikia Faustino, nimeuliza mpaka Mahenge kama kuna mtu aliyewahi kunakili. Hakuna, kaka alikuwa hataki mkanda utoke nyumbani.

Valentino nilimsingizia. Mwanzoni nilitaka tu nipate muda, nikidhani labda utasahau. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na shemeji amesema kweli. Nilipokaa na maiki na kuona Nahodha anarudi, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu tumzike. Tangu mmzike, niseme hivyo, mimi sikuwepo. Nikasema yale maneno, nikayarudisha nyuma, nikayasikiliza yakitoka kwa sauti yake. Niliyasikiliza tena na tena. Nilijua si yeye. Nilitaka tu kusikia.

Naona aibu kukuita mwanangu. Naliandika kwa mazoea.

Hermenegildi


Kidatu, 25 Januari 1998

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika mama alikichana. Mara mbili nilikichana mwenyewe.

Sikuweza kukutukana. Nilianza, lakini kila nilipofika kwenye neno "umefuta" nilikumbuka nani aliandika "toa kipande hicho". Niliona haya kwa ajili ya baba yangu mbele ya watu ambao walikuwa hawajaniuliza chochote.

Sasa nikueleze kilichotokea. Barabara imekatika kwa mvua, basi la Fulgensi limekwama hapa Kidatu zaidi ya juma zima. Juzi nilitoka shule nikaenda stendi. Alikuwa amelala uvunguni mwa basi, anakaza nati. Aliponiona viatu akatoka mbio, mikono imejaa grisi. "Mwalimu nisamehe," akasema kabla sijafungua mdomo, "wanafunzi wako wameshaniambia unakasirika. Sitarudia tena." Nikamwambia, "Sikuja kugombana, Fulgensi. Nataka uniambie lile neno. Kama alivyolisema baba."

Alidhani namtega. Aliniangalia, akamwangalia dereva, akajifuta mikono kwenye suruali. Nikamwambia mkanda umefutika, haupo tena. Akasema taratibu, amekodolea macho tairi, "Agnella." Akanyamaza. Baba alikuwa ananyamaza hivyo hivyo, alikuwa anasubiri uitike. "Agnella, usilie mwanangu. Baba yupo."

Haikuwa sauti ya baba, sauti ya Fulgensi ni ya kuitia abiria. Lakini ule mnyamazo ulikuwa wake, nikajikuta naitika, "Abee." Stendi, mchana kweupe.

Nikadhani imekwisha. Akaendelea. "Na nyinyi msimcheke. Anayelia ndiye aliyeielewa sinema."

Nikamwuliza hayo ameyatoa wapi. Akashangaa. "Si ndivyo alivyosema? Tulikuwa tunamalizia hivyo hivyo kila mkanda ukionyeshwa, benchi zima. Ila huko nje tulibeba lile la kwanza tu, la pili lilikuwa halichekeshi."

Baba mdogo, sikuwahi kulisikia. Siku yenyewe vicheko vilikuwa vingi na nilikuwa nimeziba masikio. Baadaye kila mara nilitoka nje kabla. Baba alinitetea mbele ya banda zima, miaka yote hiyo alikuwa ananitetea kila mkanda ukizungushwa, na mimi nilikuwa nimesimama nje karibu na jenereta nikimwonea haya.

Wewe ulilisikia. Ulipokaa na redio kaseti yako ulilisikia lote, ukabonyeza kitufe. Hukuniandikia kwamba kuna neno la pili. Sijui kama hukuona uzito wake, au uliona ukafanya haraka. Usinijibu hilo. Kukata niliomba mimi, sina wa kumlaumu. Selotepu ni yako. Hiyo siwezi kukubebea.

Mama amekaa na barua yako siku nyingi. Jana akasema, "Mwandikie Hermenegildi kwamba kwenye sendofu nafasi ya baba ni ya baba mdogo, haina mwingine. Asimame." Nami nimekubali, kwa sharti moja. Usiige. Ukisema neno moja kwa sauti ya baba nitatoka nje, na safari hii sitarudi. Sema kwa sauti yako, hata ikikwama.

Na usiache kuniita mwanao. Hilo sikukuruhusu.

Agnella


Ifakara, 16 Februari 1998

Mwanangu Agnella, na shemeji Yosefina anayesoma begani,

Nitasimama.

Lakini niliona siwezi kusimama mbele ya wakwe zako kabla sijasimama hapa. Jumapili jioni nilitangaza sinema ya Bati. Walikuja wengi, maana mvua imewafungia ndani. Niliwaonyesha mkanda ule ule. Dhoruba ikavuma, jicho la Bati likazimika, na Nahodha alipoanza kugeuza chombo nikazima sauti. Picha ikaendelea kimya. Nikachukua maiki ya kaka. 

Nikawaambia, "Mwaka jana mlisikia hapa maneno ya kwamba hakumwacha, alichelewa tu. Hayakuwa ya Raimundi. Niliyasema mimi nikamwigiza. Na mkanda wake wa zamani, ule wenye sauti zenu, nimeufuta mimi." Nahodha huko kwenye televisheni alikuwa anamkumbatia Bati. Nikasema, "Raimundi alisema, amemwacha. Msimtafutie sababu. Amemwacha." Nimesema kwa sauti yangu, mwanangu, ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayepokea ekaristi mara ya kwanza. Kisha nikawaambia na lile neno lako la pili, la anayelia. Benchi la nyuma walilimalizia kabla sijafika mwisho.

Nilidhani watanizomea. Mama Bernadetha ndiye aliyesema, pale pale alipokaa. "Tulijua tangu siku ile, Hermenegildi. Unafikiri sisi hatumjui Raimundi? Tulinyamaza tu kwa sababu tulikuwa tunakuonea aibu." Nilikuwa nimebeba aibu yangu miezi yote hiyo nikidhani nimeificha, kumbe walikuwa wanaiangalia kila nilipopita na baiskeli.

Wamekwenda nyumbani wamenyamaza, kama enzi zake.

Nitakuja baada ya Pasaka na mchele, na nitaleta mkanda huo uutunze wewe. Sinema si yake na maneno ya mwisho si yake, lakini hayo mengine yaliyobaki ni ya baba yako kweli, na ule uongo wangu nao umo, utakaa hapo hapo ulipo. Watoto wako wakija kuusikia, utawaambia ni wapi anaishia Raimundi na wapi ninaanzia mimi.

Selotepu nimeibandua. Sasa hata mjinga hawezi kuufuta.

Baba yako mdogo,
Hermenegildi